Bagamoyo kwa mtu wa Dodoma: jinsi ya kuutembea mji mkongwe hatua kwa hatua

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na nyie wa Manyoni na Singida karibuni pia. Tangu treni ya SGR ianze kufika kwetu mwaka 2024 watu wengi wanashuka Dar wikiendi, wanapelekwa Bagamoyo, wanapiga picha mbili tatu ufukweni, wanakula pweza, wanarudi. Ukimuuliza umeona nini huko anakwambia aah, magofu tu. Hiyo inaniuma kiukweli, maana kama kuna Watanzania ambao Bagamoyo inawahusu basi ni sisi wa katikati ya nchi. Ule mji ndo ulikuwa mlango wa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo wote, ikapanda Kilimatinde, ikaenda Tabora mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 1,200 na yote hiyo kwa miguu. Sasa ukienda bila kujua hilo utaona kuta zilizobomoka. Ukienda unajua, kila kitu pale kinakuhusu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inaanzia hapahapa nyumbani kabla hata ya kukata tiketi. Fungua ramani kwenye simu, tafuta Mpwapwa, Chunyo, Mvumi, Kilimatinde, alafu Kwihara pale Tabora, na Ujiji. Hiyo ndo njia yenyewe. Kati ya Chunyo na Mvumi kulikuwa na pori kavu lililoitwa Marenga Mkali, msafara ukiingia humo ni kutembea haraka haraka kabla kiu haijaua watu, na ukitoka upande wa pili umeshafika kwa Wagogo ambako lazima ulipe hongo, yaani ushuru wa kupita. Nguo, shanga, waya wa shaba, mtemi anataja anachotaka mnakaa hapo mnajadiliana hata siku kadhaa. Wazungu waliopita waliandika kwa hasira sana kuhusu hongo za Ugogo, ila we mtu wa Dodoma unaijua nchi yako, kisima kwenye ardhi kame hakijawahi kuwa cha bure, watu mia kadhaa na punda wao wakinywa hapo siku mbili wenyeji watabaki na nini? Mi naona watemi wetu walikuwa na haki yao na ni vizuri ukafika pwani ukiwa na upande huu wa stori, maana kule utasikia zaidi upande wa wafanyabiashara na wamisheni.

Jua na hili: Tanzania iliipeleka hiyo njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na vituo vilivyotajwa ni sita, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa ni mkoa wetu, Kilimatinde ni hapo Manyoni. Kama una watoto wa shule waambie hili kabla ya safari, watauliza maswali mazuri zaidi.

Hatua ya pili ni usafiri na siku. Epuka masika, Machi mpaka Mei, njia za Kaole zinakuwa tope na mvua ya pwani haina utani. Juni mpaka Septemba ndo kuzuri, hata joto linavumilika kwa sisi tuliozoea baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba. Kama unapenda ngoma na maigizo, ulizia tarehe za tamasha la TaSUBa, ile taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, tamasha lao huwa kila mwaka ila tarehe zinabadilika, na wakati huo vyumba vinajaa kwa hiyo wahi.

Ukienda kwa SGR kata tiketi mtandaoni mapema, wikiendi na sikukuu zinaisha haraka, na uwe na kitambulisho. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilianza na shilingi 31,000, angalia ya sasa kwa TRC wenyewe, usitegemee anachokwambia mtu wa stendi. Panda treni ya mchana tafadhali, sio ya usiku, maana kuna kitu cha kuona dirishani. Kuanzia Gulwe kwenda Kidete mpaka Kilosa reli inafuata bonde la mto kati ya milima, na bonde hilohilo ndo misafara ilipita, Stanley alipita humo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Wewe unalipita ukiwa umekaa kwenye kiti na kiyoyozi, wenzio walilipita na mzigo kichwani na maji ya mto yakiwa kiunoni. Weka simu pembeni uangalie nje.

Ukishuka Dar ukitaka njia ya bei nafuu panda mwendokasi mpaka Morocco, sogea Makumbusho, hapo utapata gari za Bagamoyo, ni kama kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar ila foleni ya Mwenge na Tegeta ndo itakayoamua utafika saa ngapi. Wenye gari binafsi msipite Dar kabisa. Mkifika Chalinze kateni kushoto barabara ya Tanga mpaka Msata, alafu kateni kulia, kuna lami ya kilomita 64 moja kwa moja mpaka Bagamoyo, mnavuka mto Ruvu mnaingia mjini bila kuona foleni hata moja. Watu wengi wa Dodoma hawaijui hii njia na inaokoa masaa.

Tenga siku mbili kamili. Siku moja haitoshi, utakimbia kimbia tu.

Hatua ya tatu, ukishapata gesti, tafuta mwenyeji wa kukutembeza. Wapo waongozaji wenye vitambulisho, waulizie kwenye ofisi za malikale, kubalianeni bei kabla ya kuanza, na mwambie wazi kwamba umetoka Dodoma unataka habari za njia ya misafara, sio tu "hapa palijengwa na Mjerumani". Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni wa nje ila beba kitambulisho maana wanauliza. Na tembea na adabu za pwani, wazee wanasalimiwa shikamoo kabla ya swali lolote, nyumba nyingi za mji mkongwe zinakaliwa na familia kwa hiyo piga hodi na omba kabla ya kupiga picha mlango wa mtu. Kinamama chukueni kanga ya kujitanda, kinababa kaptura ziacheni za ufukweni. Ijumaa mchana watu wako msikitini, usipange ratiba yako hapo.

Sasa kutembea kwenyewe. Mi nashauri uanze na kongwe zaidi uje mbele, usianze na Wajerumani kama wanavyofanya wengi kwa sababu tu majengo yao yako karibu na gesti.

Asubuhi na mapema, kabla jua halijawaka, chukua bajaji au bodaboda uende Kaole, ni kama kilomita tano kusini mwa mji. Pale ndo palikuwa mji kabla Bagamoyo haijawa Bagamoyo. Kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mkongwe zaidi ni wa karne ya 13, na makaburi mengi, mengine yana nguzo ndefu juu yake. Simama kwenye kaburi la nguzo usiharakishe. Angalia nguzo kule juu, utaona vishimo vya mviringo vimechimbwa kwenye chokaa, humo ndo palikuwa pamepachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, mabakuli yenyewe mengi yametoka lakini nafasi zake zipo, duara safi kabisa kama limepimwa. Alafu sogeza jicho ukutani, lile jiwe sio la mlimani, ni tumbawe, utaona vijitundu na mistari ya wadudu wa baharini waliolijenga. Sisi tuliokulia kwenye majabali ya Dodoma kitu kama hiki ni kigeni kabisa, nyumba ya ibada imejengwa kwa kitu kilichowahi kuwa hai chini ya maji.

Utaonyeshwa kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanakwenda kuomba dua na kuacha sadaka. Hapo usicheke, usiguse vilivyowekwa, na usipige picha ya mtu anayeomba. Kuna kisima ambacho wenyeji wanasema hakikauki, na mbuyu mkubwa ambao wanasema ukiuzunguka unaongeza umri, wengi wanauzunguka. Kuna kijumba cha makumbusho kina vipande vya vyombo vilivyochimbuliwa, kauri, shanga, pita humo kabla ya kuondoka sio kabla ya kuanza, vipande vinaeleweka zaidi ukishaona vilikotoka. Muulize mwongozaji bahari iko wapi. Atakuonyesha mikoko. Bandari ya Kaole ilimezwa na mikoko na tope, vyombo vikashindwa kukaribia, biashara ikahamia Bagamoyo. Hili la maji kina kifupi likumbuke, litarudi mbele. Na Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, mwaka 1857 safari yao ya kwenda maziwa makuu walianzia hapa Kaole, wakapita kwetu Ugogo miezi michache baadaye.

Ukirudi mjini nenda Karavan Serai. Ni jengo lenye uwanja mkubwa katikati, misafara ikitoka bara ilifikia hapo na inayoenda bara ilijipanga hapo, wapagazi wanapewa mizigo, bidhaa zinahesabiwa. Kuna maonyesho ya picha na maelezo ndani. Hapa nataka nikae kidogo maana ndipo watu wanapotoka na picha isiyo kamili. Si kila aliyebeba mzigo njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya malipo, walijadiliana ujira na wakati mwingine waligoma wakaacha msafara porini. Ila kwenye njia hiyohiyo, mara nyingine kwenye msafara huohuo, walikuwepo watu waliokamatwa, wanawake na watoto, wanaopelekwa Zanzibar au kwenye mashamba ya pwani na hawakurudi kwao tena. Yote mawili ni kweli kwa pamoja na mwongozaji mzuri atakueleza yote mawili. Kama anakueleza moja tu muulize lingine. Na nawaomba sana, mkikuta minyororo ya watumwa imewekwa kwenye maonyesho msiivae shingoni kupiga picha ya kucheka. Huenda ilikuwa shingoni kwa bibi wa mtu wa kwenu.

Mchana pumzika, kula, joto la saa saba pwani ni zito. Jioni nenda misheni ya Wakatoliki, iko upande wa kaskazini, unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakawa wananunua watumwa, wengi watoto, na kuwaacha huru, wakajenga kijiji cha waliokombolewa hapohapo, wakalima, wakaoana, wakasoma. Nenda kwanza makumbusho, yapo kwenye jengo lililokuwa nyumba ya masista, picha za zamani ni nyingi na maelezo yake yamepangwa vizuri, kwa maoni yangu ndo makumbusho bora ya mji mzima. Kanisa kubwa walilijenga kati ya mwaka 1910 na 1914.

Kuna mbuyu hapo misheni ulipandwa mwaka 1868, ukizunguka shina utaona vipande vya mnyororo wa chuma vinachungulia kutoka ndani ya mti. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kizungu alikuwa anafungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza. Watoto wanaupenda sana, ila muwaambie wasiuvute.

Na kipo kimnara kilichobaki cha kanisa la kwanza la mwaka 1872. Humo ndo ulilazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Wengi wanaijua stori kwa upande wa Livingstone, mi naomba mtu wa Dodoma aijue kwa upande wa waliombeba. Alifariki Mei 1873 kule ambako leo ni Zambia, kwa Chitambo, na watu wake, Susi na Chuma na wenzao, walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Wakapita Tabora, wakavuka ukanda wetu huu wa katikati, wakafika Bagamoyo baada ya miezi. Njiani watu waliogopa maiti kupita kwenye nchi zao kwa hiyo wakaufunga uonekane mzigo wa vitambaa. Fikiria hiyo, umebeba maiti kwa siri kwenye njia ambayo kila mtemi anakagua mzigo ili adai hongo. Mwili ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey Aprili 1874. Wengi wa waliombeba walibaki pwani na malipo yao. Simama kwenye kile kimnara, kidogo tu kile, uwataje Susi na Chuma kwa majina kwa wanao.

Siku ya pili ni ya mji mkongwe wenyewe, kwa miguu, anza saa moja asubuhi. Ngome Kongwe kwanza, ilijengwa na tajiri wa Kiarabu miaka ya 1860 na baadae ikaongezwa na watu wa Sultani Barghash wa Zanzibar, Wajerumani wakaitumia kama kambi, baadae ikawa gereza. Panda juu uone bahari na paa za mji. Kisha shuka mtaa wa India. Hapa tembea polepole, milango ndo kazi yenyewe. Angalia fremu, mara nyingi utaona mnyororo umechongwa kuzunguka mlango, kwingine maua, kwingine mawimbi, na misumari mikubwa ya shaba. Nyumba nyingine zimeezuliwa, miti imeota ukutani, na inasikitisha kwa kweli, mlango unaweza kukuta umekaa peke yake hauna nyumba nyuma yake.

Mtaa huohuo na jirani zake utaonyeshwa Liku House, ambayo ilikuwa ofisi ya kwanza ya utawala wa Wajerumani. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar. Huko ndo mnasimuliwa habari ya Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, aliyepita Mpwapwa na Stanley Novemba 1889, akafika Bagamoyo Desemba 4, wakamfanyia karamu, na usiku huohuo akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Njia yote ile asidhurike, aje aumizwe na baraza la ghorofa. Sogea mpaka shule ya Mwambao, jengo lililotolewa na Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyefariki mwaka 1897, na alitaka watoto wasome pamoja bila kubaguliwa rangi. Huyu ndo yule aliyetoa fedha za hospitali Dar pia na jina lake lipo kwenye wodi Muhimbili. Boma la Wajerumani la 1897 lipo karibu, angalia kwa nje, kisha nenda Dunda kwenye mnara wa mviringo wa 1889.

Ule mnara wa Dunda ulijengwa kwa ajili ya vita ya Abushiri. Abushiri bin Salim aliongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani kuanzia mwaka 1888, na Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaivamia kambi yake karibu na Bagamoyo, ikavunjwa. Alikimbilia wapi? Bara, akaja kukishambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Ndiyo, hapo Mpwapwa. Desemba 1889 wakamkamata wakamnyonga Pangani. Watu wengi wa Mpwapwa hawaijui hii habari na nadhani inatakiwa kufundishwa shule zote za wilaya. Makaburi ya Wajerumani wenyewe yapo karibu na ufukwe, madogo na yamepangwa, na jirani kuna alama ya mahali walipokuwa wananyonga watu. Hapo dakika tano zinatosha, sio pa kukaa.

Malizia forodhani, nyumba ya ushuru ya Wajerumani, na soko la samaki pembeni. Nenda wakati maji yamekupwa. Utaona majahazi yamekaa kwenye mchanga, na maji yapo mbali kabisa. Hapo ndo ulikumbuke lile la Kaole. Meli kubwa za moshi hazikuweza kusogea Bagamoyo, ndo maana Wajerumani wakachagua bandari ya Dar, na reli ya kati walipoanza kuijenga mwaka 1905 wakaianzia Dar, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mizigo ikapanda treni, wapagazi wakakosa kazi, Bagamoyo ikapoa. Reli iliyoufanya mji wetu kuwa mji ndiyo iliyouondoa ule mji kwenye biashara, kwa hiyo zile nyumba zilizoezuliwa mtaa wa India na stesheni yetu ya zamani pale Dodoma mjini ni habari moja.

Baada ya hapo kula samaki wako, changu au kibua wa kukaanga pale sokoni anatoka wa moto, muulize muuzaji kaingia lini.

Hatua ya mwisho ni ya kurudi na usiiruke. Weka siku nyingine, hata kama ni mwezi unaofuata, ushuke Gulwe na uende Mpwapwa, wamisheni wa Kianglikana walianza kukaa hapo mwaka 1878 na Wajerumani wakaweka ngome 1889, uliza wazee wakuonyeshe yaliyobaki. Kilimatinde unafika kwa kupitia Manyoni, ipo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ukisimama pale ukaangalia chini unaelewa msafara ulikuwa unapanda nini. Pita ofisi ya kijiji kwanza ujitambulishe, beba maji yako, na kama unaenda na wanafunzi mpe taarifa mtendaji siku chache kabla ili mzee wa kuwasimulia awepo.